Mkaguzi wa Mizani Haagizi Chumba

Atieno, wewe na hao wenzako wawili mmekaa kwenye veranda yangu tangu chai ya asubuhi mkipekua simu, na kila baada ya muda mnaguna. Kisiwa mnachotaka kwenda kimejaa, mnasema. Hoteli ya mchangani imejaa, ile ya juu ya mwamba imejaa, na sasa mnataka kuahirisha safari mpaka mpate kitanda kwanza. Nimewasikiliza nikanyamaza kwa sababu ya adabu, lakini adabu yangu imefika mwisho. Miaka yote niliyofanya kazi nimelala karibu kila kisiwa cha ziwa hili chenye watu, na sikuwahi kuagiza chumba. Hapana, nawadanganya. Niliagiza mara mbili, na mara zote mbili nilifanywa mjinga.

Kazi yangu ilikuwa kukagua mizani. Mnasikia wazee wakiniita Jaratil, mtu wa mizani, lakini sidhani mmewahi kujiuliza nilikuwa nafanya nini. Nilitembea na mawe ya mizani, vile vyuma vizito vyenye muhuri wa serikali, nikiingia masokoni na kwenye fuo na kuyaning'iniza kwenye mizani za watu. Mizani ikisema kweli naipiga muhuri. Ikisema uongo naondoka nayo. Na watu wana ubunifu, wajukuu zangu! Pale Oyugis nimeona gorogoro, lile kopo la kupimia mahindi, limegongwa nyundo kitakoni hadi kitako kimeingia ndani nusu ya kopo. Kule Osiri kwenye dhahabu, mnunuzi mmoja alikuwa na feni ndogo mezani, akisema ni ya joto. Upepo wote ulipita chini ya sahani ya mizani na kuiinua kidogo, na yeye mwenyewe alikuwa anatiririka jasho. Nilipoizima alilalamika kwamba nataka kumuua.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Magige, Mkuria mrefu wa maneno machache, ambaye alikuwa karibu kustaafu nilipoajiriwa. Siku ya kwanza hakunionyesha mizani. Alinisimulia jinsi alivyowahi kupiga simu Macalder akaomba chumba kwa jina lake. Kufika, wanunuzi wote wa dhahabu wamefunga vibanda. Akauliza wako wapi, akaambiwa wako matanga. Akauliza ni nani amekufa, na hapo watu wakaanza kutazamana.

"Ukiagiza chumba umejitangaza," aliniambia. "Wewe nenda kama mtu aliyepotea njia. Mtu aliyepotea hakuna anayemficha kitu."

Nilicheka. Nilikuwa na begi jipya na nilipenda shuka safi, nikaona mzee ni mtu wa zamani.

Lakini alinifundisha pia namna ya kufika mahali bila kitanda, na hilo nawapa bure. Msifike mkiwa mmechelewa. Fikeni wakati akina mama wanaokaanga samaki bado wana moto. Msiwaulize vijana wa boti mahali pa kulala, maana watawapeleka kwa anayewalipa. Waendeeni akina mama. Kwanza semeni mna njaa. Mkishakula ndipo mtaje kitanda, kwa sababu mama aliyekulisha hawezi tena kukuona ukihangaika bila kujisikia vibaya. Bebeni kitu cha mkononi: sukari, au viazi vitamu, vile vya Kabondo, maana visiwani udongo ni mawe na viazi ni sherehe. Msibebe mkate. Mkate ukipigwa na maji ya ziwa ndani ya boti huwa uji. Na mkionyeshwa nyumba mbili, ombeni ile inayopigwa na upepo, kwa sababu kule upepo usikofika wale wadudu wa ziwa huingia hadi kwenye meno.

Sasa kisiwa chenyewe. Sitakitaja jina, kwa kuwa nina wakwe huko, na mtaelewa ni kwa nini.

Kulikuwa na mama mmoja akiitwa Mama Trufosa. Huyo ndiye aliyekuwa mnunuzi mkubwa wa mbuta, wale samaki wakubwa wa ziwa, pale ufuoni. Mizani ilikuwa yake, barafu ilikuwa yake, na nyumba ya wageni, vyumba vinne vya mabati, ilikuwa yake pia. Wavuvi walikuwa wakinung'unika chini chini kwamba samaki wao wakifika kwake hukonda ghafla. Mmoja tu, Ochieng', alisema kwa sauti. Alivuka ziwa akaja ofisini kwetu Homa Bay na kushtaki.

Nikatumwa mimi. Nikapiga simu kisiwani kuagiza chumba. Mnajua nyumba ya wageni ilikuwa ya nani. Sauti tamu ikanijibu, "Karibu sana, jaduong', mzee wetu. Utakula mbuta ama ngege?" Nikasema ngege. Nilipofika mizani ilikuwa inang'aa, mshale umetulia penye sufuri, kila jiwe nililoning'iniza likasomwa sawasawa. Mama Trufosa akanikalisha, akanipakulia ngege mzima, akaniuliza habari za nyumbani, nimeoa wapi. Nikamwambia mke wangu ni wa upande wa Ndhiwa. Nikala, nikalala kwenye shuka safi, nikarudi kuandika kwamba mizani ni nzuri.

Ochieng' akaja tena, akasema Mama Trufosa ana mizani mbili, ile ya wakaguzi na ile ya wavuvi. Safari ya pili nikawa mjanja. Niliagiza chumba kwa jina la kubuni, nikajiita Bwana Petro, muuzaji wa dawa za mifugo. Nikajisifu njia nzima. Kufika, mizani inang'aa, na Mama Trufosa yuko mlangoni anacheka: "Karibu Bwana Petro, ngege yako iko tayari." Jina lilikuwa geni kweli. Lakini nilipiga kwa simu ile ile, na namba yangu alikuwa nayo.

Mnacheka? Ochieng' hakucheka. Kamati ya ufuo ilikaa, ikasema huyu mtu amemwita mama wa watu mwizi mara mbili na serikali imekuja mara mbili ikakuta kweupe. Akishindwa mara ya tatu, aondoe mashua yake atafute ufuo mwingine. Mwanamume aliyezaliwa pale, aliyemzika baba yake pale. Alikuja ofisini akakaa ameweka kofia magotini.

"Mzee, mimi si mwongo," aliniambia. "Lakini ukikuja tena ukute hiyo mizani iko safi, mimi sina bichi tena ya kutia mashua."

Mkubwa wangu naye alisema hii ni safari ya mwisho kwa malalamiko hayo, baada ya hapo faili inafungwa. Ndipo nilipomkumbuka Bwana Magige, nikaona haya hata kabla sijaondoka.

Sikumpigia mtu simu. Nilinunua viazi vya Kabondo, nikaviweka kwenye gunia, na katikati ya viazi nikayafunika mawe yangu mawili ya kilo kumi kumi kwa sweta. Gunia zima nikalipima ofisini, kwa mazoea tu, maana mtu wa mizani hupima hata kikapu cha mkewe. Kilo arobaini. Nikavaa koti kuukuu na ndara, nikapanda boti ya wauza nyanya kutoka Mbita.

Ndani ya boti ndimo nilimogundua kwamba mtu asiye na kitanda ni mali ya umma.

"Unalala wapi, baba?" mmoja akaniuliza.

"Sijui bado."

"Unaenda kwa nani?"

"Sina mtu."

"Yawa! Mtu mzima hivi hana mtu?" Wakasahau nyanya zao, wakaanza kugombana ni nani anichukue. Mmoja akasema nilale kwa shangazi yake, mwingine akasema shangazi huyo ana kunguni, na mwenye shangazi akataka kumtosa majini. Mwisho walikubaliana kwamba nitaanza kwa Mama Pamela anayekaanga samaki, ndipo nitapangiwa. Sikuwa nimesema lolote. Ningeagiza chumba, hakuna hata mmoja ambaye angenitazama mara mbili.

Ufuo ule hauna gati. Boti husimama penye maji ya magotini, na wabebaji huja kukuchukua mgongoni kama mtoto. Basi nilikuwa juu ya mgongo wa njemba mmoja, ndara mkononi, na mwenzake nyuma amebeba gunia huku akilalamika kwamba viazi vya siku hizi vimekuwa vigumu, ndipo nikamwona Mama Trufosa. Alikuwa amesimama kando ya mizani, mbuta ananing'inia kwenye ndoano, wavuvi wamepanga foleni. Na mizani hiyo haikuwa inang'aa. Ilikuwa na kutu. Ilikuwa ndiyo yenyewe, na hakuwa na nafasi ya kuibadilisha.

Tukatazamana. Nikajisemea, leo nimemweza.

Mama Trufosa akatupa mikono juu, akapiga kigelegele.

"Ora! Mkwe wetu amefika!" Akawageukia watu. "Nyinyi, huyu mzee ameoa binti yetu wa Ndhiwa! Mimi nilitoka hapo hapo, nimeuliza nyumbani, wakaniambia huyo msichana ni mtoto wa dada yangu. Mimi ni maro wake!"

Hapa niwaeleze hawa wenzako, Atieno, kwa kuwa kwao Nyeri huenda mambo ni tofauti. Kwetu maro, mama mkwe, si mtu wa kuchezewa. Mkwe, yaani ora, hasimami karibu naye. Habishani naye. Halali chini ya paa lake hata mvua inyeshe mawe. Na mama mkwe si yule aliyemzaa mkeo peke yake; dada yake ni maro, na binamu yake ni maro. Sasa ni mkwe gani anayeshuka mgongoni mwa mbebaji na kumwambia maro wake, ondoka hapo nikague mizani yako?

Akina mama wote wakapiga vigelegele. Mwenyekiti wa ufuo, mzee mpole wa Kisabato, akaja kunishika mkono na kusema nitapanda kwake mlimani kunywa chai wakati maro anatafuta kuku. Ni mwendo mrefu wa kupanda. Nikirudi, mizani itakuwa inang'aa. Na kabla sijafungua mdomo, Mama Trufosa akaliona gunia. "Na hakuja mikono mitupu! Ameniletea zawadi!" Mbebaji akalitua miguuni pake. Wajukuu zangu, zawadi ikishatua miguuni pa maro hairudi. Mawe yangu ya serikali yalikuwa yamekuwa mali ya mama mkwe.

Nilibaki nimesimama mchangani na ndara zangu, sina mawe, sina kitanda, na mtu wangu wa kumkagua sithubutu hata kumtazama usoni. Nikamwona Ochieng' kando ya mashua yake. Alianza kukunja wavu polepole, kama mtu anayejiandaa kuhama, na jambo hilo liliniuma kuliko kuchekwa.

Basi nikainamisha uso kama mkwe mwema, nikasema kwa sauti ya kusikika na ufuo mzima, "Maro, chai siwezi kuikataa. Lakini kwetu zawadi ya mkwe haiingii nyumbani kabla watu hawajaona ukubwa wake. Isije ikasemwa kesho kwamba nilileta viazi viwili."

Desturi hiyo niliitunga pale pale. Yeye alikuwa ametunga ukoo, kwa nini mimi nisitunge desturi?

"Ni kweli!" mmoja wa wale wauza nyanya akasema, na hata leo sijui alikuwa ameisikia wapi. "Hata kwetu iko hivyo. Ipimwe!"

"Ipimwe! Tuone kama mkwe ni mchoyo!"

Mama Trufosa akatabasamu, lakini macho hayakutabasamu. "Tutapima nyumbani. Hii mizani ni chafu, ni ya samaki."

Mama Pamela, yule wa kukaanga, akainua kijiko chake kirefu kutoka kwenye mafuta. "Mama Trufosa, hii mizani si iko hapa tu? Kila siku tunapima nayo. Kwani leo iko na nini?"

Watu wakamgeukia Mama Trufosa. Akikataa, amesema mwenyewe. Akamtoa mbuta kwenye ndoano kwa mkono wake, akasema, "Haya, pima." Wabebaji wawili wakaning'iniza gunia. Mwenyekiti akasogea, akavaa miwani, akasoma.

"Kilo thelathini na moja."

Kicheko kikalipuka. "Thelathini na moja! Binti wa Ndhiwa ameolewa na mkono wa birika!" Nilicheka nao. Halafu nikamwomba mbebaji afungue gunia atoe kile kinachomuumiza mgongo tangu majini. Akaingiza mkono, akatoa sweta, na ndani ya sweta mawe mawili yenye muhuri. Nikamwomba mwenyekiti aning'inize hayo mawili peke yake na asome namba iliyochongwa kwenye chuma, kisha asome mshale. Chuma kilisema kumi na kumi. Mshale ulisema kumi na tano na nusu. Mzee wa watu akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, akasoma vile vile.

Hakuna aliyecheka sasa. Ochieng' aliacha wavu wake, akapita katikati ya watu, akamchukua yule mbuta aliyeondolewa kwenye ndoano, kumbe alikuwa wake, na kumweka mbele ya Mama Trufosa.

"Nipimie upya," alisema. "Na ile mizani ingine."

Mizani nzuri ikaletwa kutoka stoo. Mwenyekiti akatangaza pale pale kwamba mashua ya Ochieng' haiendi popote. Ile ya kutu niliifunga kamba na kuondoka nayo, na mambo ya sheria yakafuata njia yake, sitawachosha. Mama Trufosa alinijia hadi pale heshima inaporuhusu, akasimama.

"Ora, umenifanyia hivi mbele ya watu?"

"Maro, si mimi. Ni mizani."

Alitaka kukasirika, nikamwona akitaka. Lakini alikuwa amenitangaza mkwe mbele ya ufuo mzima, na kuku alikuwa ameshaahidiwa mbele ya watu. Akina mama hawakumwachilia. Kuku akachinjwa. Nyumbani kwake sikuweza kulala, kwa hiyo nililala kwa Ochieng', upande wa upepo, nikamla kuku wa maro wangu hadi shingo.

Niliporudi nilimsimulia nyanya yenu, Mungu amrehemu. Alicheka akakaa chini. "Kwetu hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kwenda hicho kisiwa," alisema. "Samaki wenyewe tunawaogopa miiba." Kwa hiyo ukoo ulikuwa wa uongo mtupu, kama nilivyodhani. Lakini kuanzia siku hiyo, kila nilipopita kisiwani, Mama Trufosa aliniita ora, na mimi nikainamisha uso, na mizani yake nikaikuta safi bila kuagiza chumba. Tuliuendeleza mchezo kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kuuacha.

Nyanya yenu alipofariki sikumpelekea habari. Ningemwambiaje? Siku ya matanga niliona watu wawili wakiingia langoni, mwanamume amebeba kikapu cha samaki na mwanamke ameshika fimbo. Alikuwa Ochieng', na alimleta kwa mashua yake mwenyewe. Mama Trufosa hakunitazama. Alipita moja kwa moja hadi kwenye mkeka wa akina mama wa Ndhiwa, wakamsogelea wakampa nafasi, hakuna aliyemuuliza yeye ni nani. Akalia. Nawaambia alilia kama mtu aliyefiwa na mtoto, na mimi niliyekuwa nimejikaza tangu asubuhi nilishindwa hapo.

Jioni akaniita kutoka mbali. "Ora, mimi siwezi kulala kwako, unajua. Kwani hukuniwekea lojing?"

Nikazunguka kijiji kizima na macho yangu mekundu, nikibisha mlango hadi mlango, nikimtafutia mama mkwe wangu kitanda. Nilikuwa nacheka na kulia, majirani wakadhani nimerukwa na akili.

Basi wekeni hizo simu. Mimi tangu aniite ora sijalala chini ya paa lake na sitalala, kwa kuwa mkwe ni mkwe hata akipatikana kwa hila. Mjukuu ni jambo lingine. Mjukuu wa kike kwetu hulala nyumbani kwa nyanya, tena haulizwi anaondoka lini. Nyanya uliyemjua ametutoka, Atieno, lakini huyu bado yupo, na ana vyumba vinne. Njoo hapa karibu nikunong'oneze jina la kisiwa. Mkifika ufuoni mwambieni mmekuja kwenu, wewe na hao wenzako wa Nyeri. Bebeni viazi. Na msiudhike akiingiza mkono hadi kitakoni mwa gunia kabla hajawakaribisha.